Kamera ya Maweni au nauli ya Mwanza?

Mtoto akitoa choo chenye damu hapa Kigoma, maswali yanajulikana. Anaoga ziwani? Kichocho hicho. Haogi? Basi amiba. Anapewa dawa na mara nyingi anapona, maana kichocho cha tumbo bado kipo kandokando ya Ziwa Tanganyika. Lakini yupo anayemeza dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na damu haikomi. Huyo anaweza kuwa na vinyama kwenye utumbo. Watoto wengi wenye vinyama huwa na kimoja tu, kikikatwa yameisha. Wachache wamevirithi, na hao watafuatiliwa maisha yao yote.

Wafuatiliwe wapi? Wapo wanaotaka kamera ya utumbo na bingwa wake waletwe Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Wengine wanasema kwa ugonjwa adimu namna hii, mtoto apande basi aende hospitali kubwa, Bugando ya Mwanza au Muhimbili ya Dar es Salaam.

Hawa wa pili zamani niliwaona hawana huruma. Siku hizi nawasikiliza. Kamera peke yake haitibu. Mtoto mdogo huwezi kumwambia atulie wakati mpira unazungushwa ndani ya utumbo mpana. Anahitaji dawa ya usingizi na mtu aliyezoea kulaza watoto. Kinyama kilichokatwa lazima kisomwe kwa hadubini, la sivyo hujui umekata nini. Na mkono wa kukata bila kutoboa utumbo huzoea kwa kazi ya kila wiki, si ya mara mbili kwa mwaka. Mashine zilizofunikwa shuka kwenye kona tumeziona. Isitoshe, njia ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi si ile ya zamani, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hatusubiri tena kivuko.

Ila hesabu yao inasahau siku moja kabla ya kipimo. Utumbo lazima usafishwe: mtoto anywe dawa ya kuharisha na kushinda chooni. Jaribu hilo ndani ya basi. Kwa hiyo mama anatangulia Mwanza, anatafuta gesti, na mwenye gesti anauliza mtoto ana nini. Ongeza nauli za watu wawili na chakula, kisha rudia kila baada ya mwaka au miaka miwili mitatu. Niliwahi kukaa benchi moja na mama wa Ujiji, kadi ya miadi ameifunga kwenye pindo la khanga. Tarehe ilishapita miezi saba. Mumewe ni mvuvi. Kila giza la mwezi likiisha, msimu wa kuvua dagaa, aliniambia, hela ya dagaa inaishia kwenye deni.

Halafu lipo ambalo Mwanza haiwezi kutufanyia. Mtoto mwenye ugonjwa wa Peutz-Jeghers hutokwa madoa meusi kwenye midomo na ndani ya mashavu, na vinyama vyake hukaa zaidi kwenye utumbo mwembamba. Takribani nusu ya wagonjwa hawa, kabla ya kufikisha miaka 20, hupatwa na utumbo kumezana: kipande kinaingia ndani ya kingine na kubanwa. Tumbo linajaa, mtoto anatapika, na saa zinahesabika. Hapo atakayeshika kisu ni daktari wa hapa hapa. Akiwa ameshayajua yale madoa, hatapoteza usiku mzima akidhani ni malaria.

Ndiyo maana naona tunagombania kifaa. Kamera ikae Mwanza kwa sasa. Kinachotakiwa Kigoma ni daftari la ukoo: kuandika nani katika familia ya mgonjwa naye anaugua. Katika ugonjwa wa vinyama unaotokana na hitilafu ya jeni iitwayo APC (jeni, kibeba urithi, si jini, ingawa wapo watakaosikia hivyo), kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi sawa ya kurithi au kutorithi. Vinyama huanza kujaa utotoni au ujanani, mamia hadi maelfu, na asiyetibiwa karibu hakika atapata saratani ya utumbo mpana, kwa kawaida kabla ya miaka 40 au karibu yake. Jeni yenye hitilafu ikishatambuliwa katika ukoo, damu ya mtoto inaweza kusafirishwa kupimwa, mwenyewe akabaki darasani. Aliyeonekana hakurithi hahitaji kamera wala nauli.

Daftari nalo lina kasoro zake. Kama robo ya wagonjwa wa APC hawana ndugu aliyewahi kuugua, kwa hiyo kuuliza ukoo tu hakuwakamati. Na ukoo ukishaandikwa, maneno yataanza: upande wa baba watasema umetoka kwa mama, na binti atakosa mchumba. Siri ya daftari hilo inanitia wasiwasi kuliko gharama yake.

Kadi ya yule mama ilikuwa na nafasi ya jina, umri na kijiji. Nani mwingine nyumbani anatoka damu, hapakuandikwa. Nikamuuliza mimi.

“Kaka yake,” akasema. “Na baba yao, zamani.”