Mvuvi wa Brazil

Mwaka 2007 nilikuwa mtangazaji wa redio kwa siku mbili na nusu. Ile nusu ndiyo yenye kisa.

Ilikuwa Januari, Jukwaa la Kijamii Duniani, ule mkutano wa wanaharakati wa dunia nzima, limetua Nairobi, lile lililoanzia Porto Alegre kule Brazil mwaka 2001. Siku ya ufunguzi tuliandamana kutoka Kibera mpaka Uhuru Park, jua la utosi, nami nimevaa viatu vipya. (Usiniulize.) Kesho yake shughuli zikahamia uwanja wa Kasarani. Watu wakibishana langoni juu ya kiingilio cha shilingi 500, kina mama fulani wa redio ya intaneti wakanikabidhi kipaza sauti kwa sababu mbili: naongea sana, na Kiswahili changu ni cha Mombasa.

Redio za namna hiyo zilikuwa ajabu. Kila dakika tulitajiana FIRE, wanawake wa Costa Rica walioanza na mawimbi mafupi mwaka 1991 wakahamia intaneti 1998. Sisi tulikuwa na meza moja, kompyuta moja na intaneti ya satelaiti, maana kebo za baharini zilikuja kufika Mombasa 2009. Sauti yako ipande mbinguni kwanza, ndipo ishuke kwa watu. Hao watu skrini iliwahesabu: saba. Mmoja wao shangazi yangu wa Muscat.

Kazi yangu ilikuwa kukaa hemani na kiredio cha FM sikioni, kinaniletea tafsiri ya Kiingereza, nami naitia Kiswahili papo hapo. Kila hema na masafa yake. Kigurudumu cha kutafutia masafa kilikuwa kama punje ya mtama. Ukipiga chafya kinahama.

Nilikuwa na mafua.

Mezani aliketi mama wa Brazil, wa vuguvugu la wakulima wasio na ardhi, MST. Kireno kinammiminika. Sikioni mwangu nasikia nyavu, meli za Ulaya, pwani ya Senegal, samaki wamekwisha. Nikashangaa kidogo, kisha nikajijibu: mtu asiye na ardhi atakwenda wapi kama si baharini? Hoja ikanikaa vizuri kabisa.

Mama akainua mikono miwili juu ya kichwa, akaishusha kwa nguvu, akavuta. "Wapenzi wasikilizaji," nikasema, "anatuonyesha anavyopiga kasia." Mimi, mjukuu wa mabaharia! Kasia gani hilo linaloanzia utosini?

Kisha akashika bendera yake nyekundu akasema "bandeira". Hapo nikavimba kichwa. Neno hilo tulilichukua kwa Wareno wenyewe, pamoja na meza na leso, kabla hatujawafukuza Fort Jesus. Sikioni wanasema barafu haipatikani, samaki wanaozea ufukweni. Nikaunganisha. Nikatangaza kwamba kitambaa hicho chekundu hulowekwa maji kikafunikiwa samaki.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa shangazi: "Barafu ya nini? Mwambie chumvi. Ng'onda hatumii barafu."

Wakati wa maswali nikanyoosha mkono. Nikamwamkia mama, nikamfikishia salamu za Muscat, nikamweleza habari ya chumvi na ng'onda, yaani samaki wa kukausha, ampasue mgongoni, amwanike juani siku mbili tatu. Kijana mkalimani alinitazama kwa muda mrefu. Kisha, Mungu ambariki, akatafsiri yote, hadi mgongo.

Mama akasikiliza kwa heshima. Akajibu taratibu, na kijana akasimama kututafsiria kwa sauti: anashukuru sana, lakini kwao ni bara, yeye analima maharage na mihogo, na bahari aliiona mara ya kwanza juzi, kupitia dirisha la ndege.

Hema zima lilicheka. Nikavua kiredio, nikakitazama kile kigurudumu. Hema la jirani walikuwa wavuvi.

Nikakimbilia kwa mratibu, niombe radhi hewani. Akanishika mkono, macho kwenye skrini. Wasikilizaji kumi na tisa. "Subiri kwanza, mwanangu," akasema. "Usisahihishe. Wanapanda."

Kesho yake nilikuwa nazunguka nje ya uwanja na viatu mkononi, nikamwona yule mama ng'ambo, katikati ya wenzake wenye bendera nyekundu. Nikajificha nyuma ya muuza maji. Akaniona vilevile. Akawaambia kitu wenzake, wakageuka wote, na wote pamoja wakaanza kupiga kasia.