Sisimizi Hadanganyi

Asubuhi ile inchaji wetu alipiga ukelele mmoja tu, maabara nzima ikahamia mezani kwake. Kashika sahani ya petri, kaiinua kwenye mwanga. Mkojo wa mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, tuliuotesha ukatoa E. coli, tukawapaka bakteria hao juu ya ajari ya Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, tukawawekea vidiski vitano vya dawa tofauti, wakalala kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 35.

Kazi yenyewe haina uchawi. Dawa inasambaa kutoka kwenye kidiski. Ikiwamudu bakteria, pembeni pake panabaki duara tupu, nawe unalipima kwa rula. Kidiski kina upana wa milimita 6. Ukipima ukapata 6 hiyo hiyo, dawa imechemsha.

Duara la siprofloksasini, mojawapo ya dawa zile tano, lilikuwa pana, la kupendeza. Ila ndani yake kulikuwa na vikoloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, vimejipanga mstari.

"Usugu wa namna hii sijapata kuuona!" inchaji akasema. Na alikuwa na haki ya kushtuka: koloni ndani ya duara huenda ni bakteria waliogeuka sugu katikati ya wenzao. Picha zikapigwa. Daktari akapigiwa simu. Mzee mwenyewe, yuko benchi la nje anasubiri majibu, akasikia "mdudu wa ajabu" dirishani, akaanza kuwaita wanawe.

Mimi ule mstari ulinitia shaka. Umeanzia ukingoni, umepanda juu ya kidiski, umezungukazunguka, umetokea upande wa pili. Bakteria gani huyo mwenye safari? Nikafunua mfuniko. Ndani yake sisimizi, kafia kazini.

Kumbe walianzia sahani ya jirani, ya usaha wa kidonda, wakachovya miguu humo, ndipo wakavuka kwetu. Tukaifuata foleni yao: inkubeta, ukuta, hadi droo ya inchaji. Mna mfuko wa kashata za nazi. Juu yake ukutani, tangazo: "Marufuku kula ndani ya maabara", saini yake mwenyewe. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Hawa walishahamia na familia. Mchana huo huo miguu ya meza ya inkubeta ikasimamishwa kwenye makopo ya maji na mafuta ya taa, kama kabati la chakula la bibi.

Kipimo kikarudiwa upya, nami nikatumwa nje kumweleza mzee kwa nini majibu ni mpaka kesho.

"Shikamoo mzee. Samahani, sisimizi wameingia kwenye kipimo chako cha mkojo."

"Sisimizi? Kwenye mkojo wangu?" Akashika kichwa. "Basi mwanangu nimekwisha. Nina sukari!"

Ningemweleza habari za kashata, lakini inchaji alikuwa kasimama mlangoni, kanikazia macho. Nikamchoma mzee kidole, nikampima sukari: 5.1. Safi kabisa. Akaitazama mashine, akanitazama mimi.

"Mwanangu, mashine huharibika. Sisimizi atadanganya apate nini?"

Kesho yake duara la siprofloksasini lilitoka tupu, halina hata kikoloni kimoja. Mzee akapewa dawa ya mkojo. Akaipokea, akaisoma, akauliza ya sukari iko wapi, maana nyumbani mkewe ameshagawa kopo zima la sukari kwa majirani.