Supu ya Mkanda

Ngozi halisi ikiungua hutoa harufu ya nywele zinazoungua, na katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Pipeline, Nairobi, harufu hiyo ikitokea Jumamosi jioni ina maana moja tu: kuna mtu ana kichwa cha mbuzi na hajasema.

Mimi sikuwa na kichwa cha mbuzi. Nilikuwa na mkanda.

Mkanda wenyewe ulikuwa wa babake Mueni, mchumba wangu. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kwao Machakos kupeleka mbuzi wa ntheo, ile desturi ya Wakamba ya kuposa, na nikaona si vizuri mzee apokee mbuzi peke yake, maana mbuzi huliwa wakaisha na mtu akasahaulika. Nimpe kitu atakachokivaa kila siku, chenye maandishi niliyochoma mwenyewe kwa mashine yangu ya leza. Nikaenda soko la Kariokor kwa mafundi wa viatu vya ngozi, nikamwambia mmoja anikatie ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mnene, usiopakwa rangi. Kabla sijalipa nilimwomba achome kipande kwa kiberiti. Akacheka, akakichoma. Kikajikunja na kunuka nywele. Vizuri. Kingeyeyuka na kudondoka ningekimbia, kwa sababu ile ngozi bandia ya plastiki ya PVC ukiipiga leza hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kutia mashine kutu. Hapo Kariokor lakini hakuna aliyegeuza shingo kwa harufu ile, maana wachoma nyama wako hatua chache tu na moshi wao unafunika kila kitu. Pipeline hatuna bahati hiyo.

Leza yangu ni kidude cha kuwekwa mezani: fremu ya alumini, reli, mota ndogo, na kichwa kinachotembea huku na huko kikitoa mwanga wa buluu wa nanometa 450 hivi. Niliinunua mjini, kwenye duka lenye kaunta ya upana wa kiti, ndani ya boksi lililoandikwa wati 40 kwa herufi za kung'aa. Zile 40 ni umeme unaoingia. Mwanga unaotoka ni wati 5, na hizo ndizo zinazofanya kazi. Hizo nyingine zinaishia kuwa joto na maneno ya muuzaji. Aliniapia kwamba itakata bati. Haikati bati. Inakata kadi na plaiwudi nyembamba, inachora mbao na ngozi vizuri sana, na plastiki angavu haiigusi kabisa: mwanga wa buluu unapita upande wa pili bila hata salamu. Lakini kwa mkanda, wati 5 ni nyingi.

Basi jioni ile nikaipaka ngozi maji kidogo kwa sponji na kubandika tepu ya karatasi juu yake ili masizi yasishike, nikavaa miwani yangu ya rangi ya machungwa, nikafungua LaserGRBL, programu ya kuiongoza leza, kwenye kompyuta. Maandishi: BABA MKWE. Nikaiambia programu ichore mistari ya wima, ianzie kushoto, ili kila herufi ikamilike kabla ya inayofuata. Kumbukeni hapo. Mistari ingekuwa ya mlalo, hadithi hii ingekuwa nyingine, na huenda leo ningekuwa naitwa kwa jina langu.

Nimeweka feni ndogo inayovuta moshi na kuupitisha kwenye bomba la kukunjakunja hadi nje ya dirisha. Tatizo ni kwamba huku kwetu "nje ya dirisha" ni ndani ya dirisha la mtu mwingine. Ploti zimekaribiana kiasi kwamba jirani wa ng'ambo akikosa chumvi unampa mkononi, na nyote wawili mko jikoni kwenu.

Herufi B haikuwa hata imemalizika.

"Jirani!" Sauti ya ng'ambo. "Hicho kichwa umekitoa wapi? Soko la nyama la Burma?"

"Si kichwa, ni mkanda!"

Akanyamaza kidogo. "Mkanda gani una nywele?"

Nikafunga pazia. Kosa la pazia ni kwamba halizuii harufu. Linazuia tu maelezo. Nikasikia akimwambia mtu ndani kwake, "Ameficha. Hataki kugawa."

Mlango ukagongwa. Watoto wawili wa ghorofa ya chini, wamesimama kwa adabu wakinusa. Nikawaambia hakuna chakula. Wakasema hawajaomba chakula, wamekuja tu. Nyuma yao alikuwa Baba Brayo wa chumba cha pili, ameshika chupa ya chai tupu mkono mmoja na pilipili mbili mkono wa pili. Mtu akija na pilipili zake mwenyewe, ujue mjadala ulishafanyika ukaisha bila wewe.

"Baba Brayo, hapa hakuna supu."

"Najua haijaiva."

"Hakuna kichwa cha mbuzi humu ndani. Ni mashine. Kile kichwa cha mashine ndicho kinachochoma..."

"Si ndiyo hiyo!" akawageukia waliokuwa nyuma yake. Sikujua kuna waliokuwa nyuma yake. "Amekubali kuna kichwa!"

Kanuni ya kwanza ya leza ni kwamba usiiache ikifanya kazi peke yake, nami sikuiacha. Katika chumba kimoja kama chetu, mlango na meza vinatazamana, na nilikuwa naiona vizuri kabisa juu ya bega langu. Shida ilikuwa kuifikia. Kwa sababu hapo ndipo alipoingia Mama Shiro.

Mama Shiro alikuwa anasonga ugali. Harufu ilipomfikia aliona aje kwanza, ugali utamngoja, kwa hiyo alikuja na mwiko mkononi, upande mpana bado una ugali. Alinipita kwa bega, akainama chini ya kitanda, akafungua kabati la vyombo, akafunua sufuria ya maharagwe ya juzi na kuifunika tena kwa huzuni. Kumbe alikuwa na hoja.

"Kijana, mbuzi wa ntheo anapelekwa mzima. Anatembea mwenyewe. Wewe umeshaanza na kichwa! Utawaambia nini wazee wa Machakos, kwamba mbuzi wako alizaliwa hivyo?"

"Mama, mbuzi bado hata sijamnunua."

"Mungu wangu. Na ni cha kuiba?"

Akaweka mwiko mezani ili apate kushika kiuno kwa mikono miwili. Ukitaka kujua kuna hatari, angalia mama wa Nairobi anapotafuta mahali pa kuweka kitu alichoshika. Mwiko ukateleza kando ya fremu, mpini ukaingia chini ya reli, mkanda ukasukumwa pembeni, na mashine ikaendelea na kazi.

Hizi mashine ndogo hazina macho. Mota zinahesabu hatua na kuamini kwamba kila kitu kiko pale pale kilipowekwa. Ilikuwa imemaliza BABA. Ikavuka nafasi, ikaanza M kwa imani kamili, juu ya mti wa Mama Shiro.

"Mwiko!" nikapiga kelele. "Toeni mwiko! Na msiangalie mwanga!"

Wote wakaangalia mwanga. Bahati nzuri kichwa cha leza kina kikinga cha plastiki ya machungwa, lakini hata hivyo niliivua miwani yangu nikamvika mtoto aliyekuwa mbele, nami nikafumba macho na kujaribu kupita katikati ya Baba Brayo na kitanda. Hapapitiki. Baba Brayo ni mtu wa mwili, na alikuwa amesimama imara akinusa upya.

"Sasa inanuka kuni," akatangaza kwa matumaini. "Anakiivisha kwa kuni!"

Neno kuni ndilo lililomleta msimamizi wa ploti, ambaye nadhani alikuwa kwenye ngazi akisubiri neno moja tu lililo kwenye sheria zake. Jiko la makaa ndani ya nyumba ni faini ya shilingi 1,000. Kuni hazijaandikwa lakini akasema ni mbaya zaidi. Akataka kuona moto. Nikamwonyesha nukta ya buluu ndogo kuliko punje ya mtama. Akainama, akaitazama kwa dharau, akauliza kama nimeilipia stima yangu mwenyewe au ni ya ngazini.

Nilipoifikia kompyuta na kubonyeza, mashine ilikuwa inarudisha kichwa nyumbani, kazi imekwisha. Mpini wa mwiko ni mnene kuliko mkanda, kwa hivyo lenzi haikuwa kwenye umbali wake na herufi zilitoka nene na za kahawia. Lakini zilisomeka. Mama Shiro aliuchukua mwiko wake, akaupuliza moshi, akausogeza kwenye taa.

"M. K. W. E."

Chumba kikanyamaza. Hata wa ng'ambo akanyamaza, maana pazia lilikuwa limeshavutwa na mtu.

Mama Shiro akaniangalia kwa jicho jipya. Mikono ikashuka kutoka kiunoni. "Kijana," akasema polepole, "ungeniambia tu. Hukuhitaji mitambo."

"Mama!" Hiyo ilikuwa sauti ya Shiro mwenyewe, aliyekuja kumwambia mamake kwamba ugali unaungua. Anasoma chuo, na ana ulimi. "Huyu? Huyu hata hana sofa!"

"Sofa hununuliwa," akasema Baba Brayo, ambaye sasa alikuwa ameona mbele kuna karamu kubwa kuliko supu.

Nikaanza kueleza. Nikaeleza leza, nikaeleza mistari ya wima, nikaonyesha mkanda ulioandikwa BABA na ukaishia hapo. Msimamizi akauchukua mkanda, akausoma, akamtazama Shiro tumboni, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani tayari?" Shiro alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Na Mueni akaingia. Alikuwa na mfuko wa sukuma wiki na robo kilo ya nyama, na ilibidi apite watu tisa ili afike kwenye kitanda. Alimsalimia kila mmoja kwa mpangilio wa umri, kama alivyolelewa, na kila mmoja aliitikia akiangalia sakafu. Mama Shiro alificha mwiko mgongoni. Mueni akanyoosha mkono. Mwiko ukatolewa.

Aliusoma. Akausoma mkanda. Kisha akaviweka juu ya shuka, kimoja kando ya kingine, akavisukuma mpaka vikagusana.

"Baba mkwe," akasoma. "Kwa hiyo babangu amepewa nusu, na nusu nyingine amepewa Mama Shiro."

Alianza kucheka akiwa amesimama na akamalizia akiwa amekaa juu ya kompyuta yangu. Nilimwacha. Kulikuwa na mambo ya haraka zaidi: Baba Brayo alikuwa bado na pilipili zake na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Mwishowe tulichanga, kila mtu alichokuwa nacho kwa M-Pesa, watoto wakatumwa kwa jamaa anayeuza supu karibu na steji, na chupa ya chai ya Baba Brayo ikarudi imejaa. Wa ng'ambo alipokezwa kikombe chake dirishani. Akaonja, akasema, "Niliwaambia ni kichwa."

Mama Shiro alikataa kabisa kuuza ule mwiko. Nilimwambia nitamnunulia mwingine Gikomba, mpya, mkubwa. Hakutaka. Alitaka huo huo umaliziwe: mbele ya MKWE kulikuwa na nafasi ya kutosha, niandike MAMA. Mueni aliunga mkono kwa furaha isiyo ya kawaida. Niliandika, safari hii lenzi ikiwa kwenye umbali wake, na ndiyo maana neno la kwanza ni jembamba na la pili ni nene. Tangu hapo Mama Shiro hunisalimia kwenye ngazi "Habari ya asubuhi, mkwe," hata nikiwa na Mueni, hasa nikiwa na Mueni, na Shiro akinipita husonya.

Mkanda nao nilijaribu kuuendeleza pale ulipokatikia, kwa kukadiria kwa macho, ukabaki na pengo la vidole vitatu kati ya BABA na MKWE. Mzee wa Machakos ameuvaa hivyo hivyo. Yeye anaamini pengo ni la makusudi, ili tumbo lipate nafasi, na amewaambia wenzake kwamba vijana wa Nairobi siku hizi wanafikiria mbali.

Kilichobaki kilikuwa faini. Msimamizi alishikilia kwamba sheria ni sheria: moshi ulionekana, harufu ilisikika, na supu ilinywewa ndani ya ploti, tena yeye mwenyewe aliinywa. Tuliongea mpaka tukaelewana. Angefuta shilingi 1,000, nami ningemtengenezea kibao cha plaiwudi cha kuweka langoni, herufi kubwa, zisizofutika kwa mvua. Alileta maneno yameandikwa kwenye karatasi ya risiti na akasimama pembeni mpaka mashine ikamaliza. Kibao kiko pale hadi leo, na kila mpangaji mpya akija kuona nyumba husimama kukisoma: NI MARUFUKU KUCHOMA VICHWA VYA MBUZI NDANI YA VYUMBA. Chini yake, kwa herufi ndogo alizoongeza baada ya kufikiria: AU MIKANDA.