Ufa mmoja, mafundi ufukwe mzima

Nani aliyewadanganya kuwa mwenye mashua ni tajiri? Njooni Nungwi mnione.

Usukani wangu umepasuka. Haujavunjika, jamani, umepasuka tu. Ufa umeanzia kwenye tundu la msumari ulioliwa na kutu, ukafuata nyuzi za mbao kuteremka chini. Nikauvua, nikaulaza kivulini chini ya mkungu ukauke. Hata jasho sijafuta, watu washajaa.

"Jaza gundi hapo, kazi imekwisha."

"Gundi! Mbao hiyo utaijaza ikishakauka. Ikirudi majini itavimba, gundi imekuwa jiwe humo ndani, ufa utafika mpaka Pemba."

Wa tatu, ambaye tangu nimjue hajapanda hata ngalawa, ananiambia kosa langu sikutumia mvule. Ni mvule huo, ami! Mvule siku hizi ukiuulizia bei tu unatoka jasho. Manahodha wengi chombo huenda mrama, najua. Changu hata huko mrama hakiendi, kimekaa juu ya mchanga.

Fundi akaja. Akaupapasa ufa, akafyonza, akaomba kahawa. Ya pili akaiomba bila kufyonza. Haya, maneno yake yana akili, simnyimi haki yake: ufa utobolewe kitundu kwa keekee pale unapoishia, usiendelee kutembea, juu yake zipigwe mbao za kubana, huku na huku, boliti zipenye katikati, na kila msumari uviringwe pamba yenye mafuta, maji yasipate mlango. Nikamuuliza, lini?

"Kesho."

Kesho! Mashua niliipandisha kwa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Likinipita hilo, maji mafu, yale ya kujaa kidogo, hayafiki hata kwenye mkuku, nikae hapo nipige miayo mpaka jengine. Wenzangu huangalia mwezi kwa ajili ya Idi, mimi nauangalia kwa ajili ya fundi. Nikimfuata kwake, yuko mazikoni. Nikirudi, yuko harusini. Ukoo gani huu, kila siku wanakufa na kuoana?

Nyumbani ndiyo usiseme. Mke wangu kanitia mchicha mezani, na juzi kanituma dukani nikanunue dagaa. Mimi! Mvuvi! Muuzaji akanifungia kwenye karatasi huku akicheka mabega tu, sauti kaizuia kwa heshima.

Jana akaja bwana mmoja mwenye kazi ya kutengeneza fanicha za mahoteli kwa mbao za majahazi makuukuu. Kauzunguka usukani, kaupiga picha mbele, kaupiga nyuma. Anataka kuupachika ukutani, wageni wautazame wakinywa juisi. Nikamwambia kwa unyonge, una ufa, bwana.

"Usiuzibe! Huo ufa ndio uzuri wake."

Akataja bei. Wallahi, kwa bei ile napata usukani mpya na boliti zake, na fundi nambadilisha. Nikavimba kifua kidogo, nikasema hauuzwi, huu niliachiwa na marehemu baba.

Mke wangu akachungulia dirishani.

"Bwana, chukua. Na mwenyewe mpachike huko huko ukutani, naye ana nyufa tele."