Ukifanya kazi saa moja tu, umeshahesabiwa una ajira

Juzi nimekaa barazani Ngamiani, hapa Tanga, na kahawa yangu na kashata, redioni kuna bwana mmoja anachambua uchumi, anasema ukosefu wa ajira nchini umeshuka, kutoka asilimia 10 na ushee mwaka 2014 hadi asilimia 9 kwenye utafiti wa 2020/21, kwa hiyo kijana anayelia hana kazi huyo anachagua tu. Na wazee wangu pale wakaitikia, ee, watoto wa siku hizi wavivu. Jamani! Wazee hao hao waliokula maisha enzi za kiwanda cha mbolea, Foma, kiwanda cha chuma, mtu ana shifti yake na mshahara wake mwisho wa mwezi, leo anamwita mvivu mtoto aliyezaliwa mageti yameshaota majani. Lakini wazee niwaache, wakubwa zangu wale. Ugomvi wangu ni hiyo asilimia.

Hivi mnajua swali lenyewe linavyoulizwa? Mtafiti akija kwako hakuulizi kama una kazi ya kueleweka. Anataka kujua ndani ya siku 7 zilizopita ulifanya chochote cha kulipwa au cha kukupa faida, angalau saa moja. Saa moja! Siyo kwa siku, kwa wiki nzima. Ukisema ndiyo basi umeingia kundi la wenye ajira, wewe na meneja wa benki mko safu moja, hongereni. Na msiwatukane NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa hili, kanuni hiyo ni ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, wanatakwimu wa kazi wa dunia waliipitisha Geneva mwaka 1982 na mpaka leo ipo.

Sasa nina dogo mtaani kwangu, ana diploma yake safi, anashika bodaboda ya mwenzie kama deiwaka. Mwenye pikipiki akienda kula, akienda kuswali, akiumwa kichwa, dogo anapanda anapiga tripu mbili tatu kati ya Chumbageni na Kange, anarudisha chombo. Wiki nyingine anaipata kutwa, wiki nyingine haigusi kabisa. Ukitoa mafuta na hesabu ya mwenye chombo inabaki hela ya chapati na vocha. Nikamwuliza, wakija watu wa takwimu utawaambia una kazi? Akacheka, "Kaka, kazi gani, mie niko kitaa tu." Pole mdogo wangu, kwenye makaratasi unayo.

Na ukiiangalia ile kanuni ya kimataifa, kuhesabiwa huna ajira ni shughuli kweli kweli. Uwe hukugusa hata hiyo saa moja, uwe tayari kuanza kazi, na uwe umehangaika kutafuta ndani ya wiki 4 zilizopita. Ukikosa moja kati ya hizo mbili za mwisho, umetupwa "nje ya nguvukazi", siyo mwenye ajira, siyo asiye na ajira, kwenye ile asilimia haumo kabisa. Kwa hiyo aliyesambaza bahasha za kaki mpaka hela ya kutoa kopi vyeti ikaisha, akaamua kukaa nyumbani kwanza apumue, huyo kukata tamaa kwake kunaishusha takwimu! Kichekesho hicho. Ofisi yetu ya takwimu angalau iliona aibu, tafsiri ya kitaifa inamhesabu hata asiyetafuta ilimradi yuko tayari kufanya kazi, na baadhi ya wenye vibarua vya kudondokea. Ndiyo maana yetu inasoma 9 wakati makadirio ya ILO kwa Tanzania hiyo hiyo yako chini ya asilimia 3. Chini ya 3, nchi hii! Ulaya kuna serikali zingefanya sherehe.

Afrika Kusini wenzetu wako juu ya asilimia 30. Je kuna anayeamini kijana wa Tanga ana neema mara tatu kuliko wa Johannesburg? Hapana bwana. Huku mtu hana ubavu wa kukaa bila kazi. Fao la kukosa ajira lipo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndiyo, lakini ni la yule aliyekuwa na mwajiri akachangiwa, saidia fundi hachangiwi na mtu. Asipotoka asubuhi watoto hawali jioni, kwa hiyo anatoka, anauza karanga, anabeba zege, anasukuma mkokoteni, na kila anachoshika kinamwondoa kwenye hesabu. Umaskini wenyewe ndio unaoifanya asilimia ipendeze.

Haya, niwape haki yao, maana najua kuna msomi atanijia juu. Hiyo saa moja ina sababu: wanataka kila jasho lililozalisha kitu lionekane, liende sambamba na hesabu za pato la taifa, na ukiweka mstari kwenye saa 10 au 20 kila nchi itauvuta inakotaka. Sawa. Nimekubali. Lakini hapo basi mseme mnapima uzalishaji, msije redioni mkatuambia mnapima maisha yetu.

Na hizo siku 7 nazo. Nendeni mwalo wa samaki wa Deep Sea muulize wale akina mama wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka vyombo havitoki, kwa hiyo wiki ya giza mama anachemsha na kuanika mpaka mgongo unauma, wiki ya mwezi mkubwa anakopa unga dukani. Mtafiti akija wiki ipi? Najua utafiti mzuri unatawanya mahojiano mwaka mzima na kwenye jumla ya taifa mambo yanajisawazisha, ila mama mwenyewe hajisawazishi, yeye deni lake liko pale pale.

Kuna na hili la 2013 ambalo huwa linanichekesha kwa hasira. Mwaka huo wanatakwimu walikaa tena Geneva wakaamua kwamba kulima chakula cha kula mwenyewe ni kazi, ila siyo ajira. Bibi yangu kule Muheza akilima mahindi na muhogo wa nyumbani, kwa kipimo cha zamani alikuwa na ajira, kwa kipimo kipya yuko nje ya nguvukazi, na jembe ni lile lile. Nchi ikihamia kipimo kipya ushiriki kwenye nguvukazi unaporomoka, hasa wa wanawake, halafu anatokea mtu kwenye semina anauliza kwa nini wanawake hawashiriki uchumi. Kuchota maji, kuni na kulea wajukuu hata sigusi, nitaharibu mfungo.

Mimi sitaki asilimia ifutwe. Nataka isitoke peke yake. Mkitangaza ile 9 mtangaze sentensi inayofuata na siku hiyo hiyo: wangapi walifanya saa chache huku wanataka zaidi, na waliofanya walipata shilingi ngapi. Maswali hayo kwenye dodoso yapo, majibu yake yamo kwenye ripoti ndani huko kurasa za katikati, kwa hiyo huyo bwana wa redioni kilichomshinda ni kufungua kurasa tu, halafu mvivu ni dogo wa deiwaka.