Adhabu haikuzaliwa na adha

Ndugu mwandishi, makala nimeipenda, ila hapo uliposema "adhabu" imetokana na "adha" nakupinga. Yote mawili ni ya Kiarabu, lakini mizizi ni mbalimbali. Adha huanza kwa herufi ya Kiarabu iitwayo alifu, na ni jamaa ya udhia na kuudhi. Adhabu huanza kwa herufi nyingine, ayni. Kwa Waarabu ni mateso yenyewe, maumivu makali, hata pasipo hakimu wala kosa. Sisi tumeibana maana hiyo hadi ikawa zaidi malipo ya kosa, na maana ya maumivu tukayaachia maneno ya kwetu: kutesa na mateso. Katika "adhabu ya kaburi" bado naisikia maana ile ya kale. Ajabu ni kwamba mzizi huohuo wa adhabu, yaani herufi tatu ayni-dhali-ba, ndio unaowapa Waarabu neno la maji matamu, yasiyo ya chumvi!