Mhamiaji, mkimbizi, "expat": majina tunayopewa na majina tunayowapa wengine

Ukikaa Uingereza kwa muda utaona kwamba Kiingereza kina maneno mengi kwa mtu aliyehama kwao. Kuna "emigrant", "immigrant", "migrant", "expat", "refugee" na "asylum seeker". Mawili ya kwanza tulifundishwa shuleni kama mapacha: emigrant ni anayetoka, immigrant ni anayeingia. Nilipopanda ndege Dar es Salaam nilikuwa la kwanza, niliposhuka Heathrow nikawa la pili, begi ni lilelile na kaka yangu ananisubiri nje. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na manne yaliyobaki, maana kamusi hazisemi ukweli wote kuyahusu. Ukishayasikia kazini, kwenye basi na kwenye taarifa ya habari, unajua kwamba mtu hapewi jina kwa alichokifanya. Anapewa kwa pasipoti aliyoshika.

Chukua "migrant". Umoja wa Mataifa ulishapendekeza tangu 1998 kwamba ahesabiwe hivyo mtu anayehamisha makazi yake ya kawaida kwenda nchi nyingine kwa angalau miezi 12, na Uingereza hutumia kipimo hicho kwenye takwimu zake. Kwa hesabu hiyo kijana wa Mbeya aliyekuja kusoma shahada ya pili yumo, na Mwingereza aliyehamia Dubai kuuza nyumba naye yumo. Sasa nenda Dubai umwite huyo wa pili "migrant" uone atakavyokutazama. Yeye ni "expat".

Neno hilo asili yake ni Kilatini, mtu aliye nje ya nchi ya baba zake. Mimi baba yangu yuko Kinondoni na mimi niko Leicester, kwa hiyo kwa asili ya neno nastahili kuitwa hivyo kuliko wengi. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi tuko Watanzania, Wazimbabwe, Wafilipino na Mpolandi mmoja. Viza zetu wengi zinasema kwa maandishi kwamba sisi ni wafanyakazi wenye ujuzi. Wapo kati yetu waliosomea uuguzi na wakafanya kazi hospitali kubwa makwao. Hata hivyo sijasikia mtu akituita "expat", hata kwa bahati mbaya.

Kwetu Dar hali ilikuwa kinyume kabisa. Tulikua tukiwaona wataalamu wa kigeni wa Masaki na Oysterbay, tukiwaita TX kwa herufi zilizokuwa kwenye namba za magari yao. Mtu anakuja kusimamia mradi, anapewa nyumba, gari, ada ya shule ya watoto na tiketi ya kwenda kwao kila mwaka. Anaweza kukaa hadi watoto wanazungumza Kiswahili cha uswahilini, na bado hakuna anayemwita mhamiaji. Sina neno na mtu mmoja mmoja. Nimefahamiana na baadhi yao na walikuwa watu wema. Ninachokikataa ni kwamba mimi na yeye tumefanya jambo lilelile, kuvuka bahari kufuata kazi, halafu yeye akapata jina la heshima na mimi nikapata jina la kufuatwa na swali la "utarudi lini kwenu?"

Na ndugu zetu nyumbani nao wana majina yao. Tukiwa huku tunaambiwa "wabeba maboksi". Siku za hivi karibuni tumepandishwa cheo, kila mmoja wetu sasa ni "diaspora". Naliona jina hilo linatajwa sana inapozungumzwa fedha tunazotuma. Ikifika habari ya uraia pacha mazungumzo yanapoa. Mkenya ninayefanya naye kazi alichukua uraia wa huku na akabaki na wa kwao, maana katiba yao ya 2010 inamruhusu. Akitua Mombasa anapanga foleni ya wenyeji. Mtanzania akichukua uraia wa Uingereza anapoteza wa kwao, na akitua Dar anasimama foleni ya wageni huku mama yake anampungia mkono upande wa pili wa kioo. Hilo linaniuma, na sitalificha.

Leicester yenyewe ina historia ya kutosha juu ya uzito wa majina. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Mwezi uliofuata halmashauri ya jiji hili ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kuwashauri wasije Leicester kwa sababu nyumba, shule na huduma za afya zilikuwa zimeelemewa. Walikuja. Uingereza iliwapokea zaidi ya 27,000, na wengi wakakaa papa hapa. Wakati ule waliitwa "refugees", ingawa wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza mifukoni.

Belgrave Road, mtaa wao mkuu, bado unaweza kuagiza "mogo", yaani muhogo wetu, uliokaangwa ukatiwa pilipili na ndimu. Kuna duka ninalopenda kuingia ambalo mwenyewe ni mama wa makamo ya bibi yangu. Mara ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza. Akanitazama akauliza, "Wewe ya wapi, Dar?" Nikamwamkia shikamoo mama. Akaitikia marahaba kwa sauti ambayo wanunuzi wote waligeuka. Yeye ni wa Jinja. Aliniambia kilichomkera mwaka ule si baridi wala kambi ya jeshi waliyowekwa walipofika. "Mimi nina pasipoti ya Malkia, halafu wanasema mimi mkimbizi. Mkimbizi iko na pasipoti ya hii nchi?"

Swali lake lina mizizi. Miaka minne kabla, Waasia wa Kenya wenye pasipoti hizohizo walipoanza kuja kwa wingi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya 1968 kwa siku tatu tu. Iliwazuia wasiingie kwa uhuru kama hawakuwa na mzazi au babu aliyezaliwa au kupata uraia ndani ya Uingereza. Kwa sheria ile kuwa raia na kuwa na haki ya kuingia vikawa vitu viwili tofauti, na familia nyingi za Nairobi na Mombasa zililifahamu hilo zikiwa tayari zimeshauza vyombo.

Nije kwenye mawili ya mwisho, ambayo ndiyo yananikosesha usingizi. Kanisani kwetu yuko kijana kutoka Kivu Kusini, Kongo. Kiswahili chake ni cha kwao na mimi humsomea barua zinapokuja. Mwenyewe anasema, "Miye ni mukimbizi." Kwa Mkataba wa 1951 kuhusu wakimbizi, yuko sahihi ikiwa hofu yake ni ya kweli: mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa siasa. Mwongozo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, unasema wazi kwamba serikali ikimtambua mtu haimfanyi kuwa mkimbizi, inatangaza tu kwamba ni mkimbizi. Alikuwa mkimbizi siku ile aliyovuka mpaka.

Kiingereza cha mtaani hapa hakisemi hivyo. Mpaka barua ya kukubaliwa ije, yeye ni "asylum seeker", mwomba hifadhi. Hapa katikati ya maneno mawili kuna maisha mazima. Mwomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Akisubiri zaidi ya miezi 12 bila kosa lake anaweza kuomba ruhusa, na hata akipewa ni kwa kazi zilizo kwenye orodha maalumu tu. Posho yake mwaka 2024, akiwa anajipikia, ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki, ya chakula, sabuni, nauli na vocha. "Refugee" anaweza kuajiriwa kesho yake asubuhi.

Kijana huyu ni fundi magari. Jumapili moja gari la mchungaji liligoma kuwaka baada ya ibada. Akaomba ufunguo, akafungua boneti, akainamisha kichwa kusikiliza injini ikijaribu, kisha akatoa plagi moja moja akizifuta kwa leso yake. Ikawaka. Mchungaji akatoa noti ya pauni 20. Kijana alirudi nyuma hatua mbili, mikono juu kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. Aliogopa mtu akimwona amepokea hela wataandika kwamba amefanya kazi, na faili lake litaharibika. Mtu mwenye ufundi mikononi anaogopa noti ya pauni 20 mbele ya kanisa, na kinachomtenganisha na fundi mwingine ni neno moja ambalo halijafika kwa posta.

Najua kuna Wabongo watakaosoma hapa watasema wengine "wanajilipua" tu, wanatunga hadithi ili wapate makaratasi. Wapo. Mahojiano yamewekwa ili kuwachuja. Lakini kuwapo kwa waongo hakumfanyi huyu kuwa mwongo, na sioni sababu ya kumnyima kazi wakati anasubiri zamu yake ya kuaminiwa.

Nyumbani tulifanya tofauti, na ni haki kulisema. Mwaka 2015 Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, maelfu kwa maelfu walilala ufukweni hadi kipindupindu kikaingia. Liemba, meli ya tangu enzi za Wajerumani, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Hakuna aliyewaambia subirini tuone kama ninyi ni wakimbizi. Walitambuliwa kwa pamoja, kwa kundi. Na mwaka mmoja nyuma yake, 2014, Tanzania ilikuwa imewapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokuja tangu 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni nchi chache duniani zilizowahi kufanya jambo la namna hiyo, na ninapowaambia Waingereza kazini hawaamini.

Lakini utambuzi ule wa pamoja ulisitishwa Januari 2017. Na mkimbizi wa Nyarugusu, pamoja na jina lake kamili, haruhusiwi kutoka eneo la kambi bila kibali. Kijana wa kanisani kwetu hana jina bado, ila anatembea Leicester nzima, anapanda basi, anacheza mpira uwanja wowote. Huku wamemnyima kazi, kule wangemnyima barabara. Ningeulizwa kipi bora ningesema vyote viwili vinamvunja mtu, ila ningemchagulia huku, kwa sababu kusubiri kuna mwisho.

Sasa niseme linalonifanya niandike. Tunalalamika sana kuhusu majina ya huku, na tuna haki. Halafu fungua magazeti yetu, sikiliza redio zetu: "Wahamiaji haramu 30 wakamatwa wakiwa kwenye lori." Ni vijana wa Ethiopia, wengi kutoka Hadiya na Kembata kusini mwa nchi yao, wanapita kwetu wakielekea Afrika Kusini. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa kwenye lori mkoani Dodoma. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa kwenye kontena huko Tete, Msumbiji. Haramu, katika lugha yetu, ni neno la nguruwe, riba na mtoto tunayemtukana kwa kosa la wazazi wake. Tumelibandika kwa watoto wa watu, na maiti zao tukaziandika hivyohivyo.

Oktoba 2019 Wavietnam 39 walikutwa wamekufa kwenye lori hapa Essex. Uingereza haina upole na wahamiaji, na sijaja kuipamba. Ila wiki zile nilisoma majina yao, umri wao na ujumbe wa simu ambao binti mmoja alimtumia mama yake akiwa anakosa pumzi. Wale wa Dodoma nimetafuta majina yao kwenye magazeti yetu ya wakati ule na sikuyapata.

Na tunajua kufanya vizuri tukitaka. Februari 2017 Msumbiji iliwafukuza maelfu ya wachimbaji wetu waliokuwa kwenye rubi za Montepuez. Wengi walikuwa huko bila vibali, sawasawa na wale Waethiopia. Tuliwaita Watanzania waliofukuzwa Msumbiji, tukawaita ndugu zetu, tukasimulia walivyonyang'anywa mali na walivyopigwa. Hakuna gazeti nililoliona likiandika "haramu" mbele ya jina lao.

Kwa hiyo wahariri mlioko nyumbani, wengine tulisoma pamoja na mnanijua, naomba hili moja. Kuingia bila kibali ni kosa kisheria, liandikeni kama kosa: "wameingia nchini bila kibali." Mtaje wanakotoka, mtaje umri wao, mtaje dereva aliyelipwa kuwabeba na tajiri wa lori kama anajulikana. Na mahakama ikishawahukumu, mwandishi wenu arudi gerezani baada ya kifungo chao kwisha aulize kama wameshasafirishwa kwao, maana wamo wanaomaliza adhabu na kubaki ndani kwa kukosa nauli.